Nilipohamia Mteremkoni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja mtaani Mutakura, majirani wakiwa nyuma ya gari langu, nami ndani nimeshika usukani, uso nimeuinamisha kwa aibu. Nimesikia nawe umenunua gari, na kwamba haliwaki. Basi kaa nikueleze yangu.

Langu lilikuwa kuukuu kabla sijalinunua. Leo betri, kesho rejeta, keshokutwa moshi mweusi. Kila asubuhi ufunguo ulitoa kikohozi tu. Mama Furaha, aliyetoka Uvira na kuuza unga wa muhogo, alitua beseni lake, Saidi, fundi wangu, alikunja kanzu akitoka msikitini, wakasukuma. Injini ikishika sikusimama hata kusema asante, maana ningesimama lingezima. Nilipunga mkono dirishani nikaenda zangu. Jioni Mama Furaha aliniuliza kama gari langu linakula muhogo au petroli. Wao walicheka, mimi iliniuma. Nilikuwa kijana mwenye makuu.

Unajua nilifanya nini? Mwenye akili angebadilisha gari. Mimi nilibadilisha mtaa. Nilipanga chumba Kinanira kwa sababu moja tu: pana mteremko. Jioni naliegesha pua ikitazama chini, naweka jiwe kwenye gurudumu. Asubuhi naondoa jiwe, naachia breki, naingiza gia ya pili, linawaka lenyewe. Wiki ya kwanza nilijiona mfalme. Mwezi wa tatu niligundua kwamba tangu naamka mpaka nafika kazini hakuna aliyeniita kwa jina. Mageti yote yamefungwa, mbwa tu ndio walionizoea. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na niliogopa kukiri hata nikiwa peke yangu.

Kisha malaria ikaniangusha. Siku nne nimelala, maji yameisha kwenye jagi, gari liko nje limeegeshwa vizuri kabisa. Hakuna aliyebisha hodi. Nililia, sikufichi, kwa kuogopa kufa mle bila mtu kujua.

Siku ya tano akaja Saidi. Alipajua pale, kwa kuwa aliwahi kuja kunifungia kebo ya klachi. Alininywesha maji, kisha akanitazama kwa hasira.

"Mi najua hii gari," akasema. "Haiwezi maliza wiki mbili bila kuharibika. Nilipoona haikuje garaji, nikasema basi mutu ndio ameharibika."

Nikamwambia nilihama kwa sababu sikutaka kuwasumbua tena na kusukuma.

"We ulifikiri tulikuwa tunasukuma gari? Tulikuwa tunakuja kuona kama umeamuka."

Akanipeleka hospitali. Nilipopona nilirudi Mutakura, lakini Mama Furaha alikuwa amesharudi kwao, na chumba chake kina wageni. Sikupata kumwambia ile asante, na inaniuma mpaka leo. Saidi naye tulishamzika. Nyumba yangu sasa iko kimya, ndiyo maana ukija nakushikilia hivi kwa maneno.

Mwanangu, gari likizima, shuka uombe watu wakusukume. Likiwaka, lizime ikibidi, urudi uwashike mkono mmoja mmoja. Watakusukuma tena. Usitafute kuishi mahali ambapo humhitaji mtu.

Mungu akupe majirani wanaoamka mapema, na ile asubuhi usiyotoka nje, awafikishe mlangoni kwako kabla jua halijapanda.