Mashimo ya Kibwana

Ukitoka barabara kuu kuingia kijijini kwetu, angalia unapokanyaga. Upande wa kushoto kuna mashimo kumi na tisa, yamenyooka kama yaliyopimwa kwa kamba, na kweli yalipimwa kwa kamba. Mbuzi wa Bi Mwahija alivunjika mguu katika shimo la saba. Watu wanayaita mashimo ya Kibwana. Kibwana ni mume wangu, na kwa kuwa kila mtu hapa ana lake la kusema juu yake, leo na mimi Biasha nitasema langu.

Nilimkuta mkulima wa korosho, mtoto wa mkulima wa korosho, huko vilimani nyuma ya Kikole, ambako kila nyumba ilikuwa na shamba lake na jirani ulimwita kwa kupiga ukelele. Mpole, mchapakazi, hasemi na mke wake kwa sauti ya juu. Mvivu nisingemkubali. Kasoro yake ni moja, na hiyo niliiona kwa macho yangu mawili ikimwingia.

Ilikuwa Sabasaba ya mwaka sitini na saba, Kilwa Masoko. Tulikuwa na miezi minne ya ndoa na mimi nilivaa kanga mpya. Ikaja bendi kutoka Lindi, Mbanja Jazz, na mpiga solo wao alikuwa kijana mmoja mwembamba aitwaye Ismaili. Magitaa tuliyoyajua sisi yalikuwa na tumbo na tundu. La Ismaili lilikuwa jekundu, bapa, halina tumbo wala tundu, na juu lilikuwa na pembe mbili kama ndama. Lakini alipoligusa, sauti ilifika mpaka sokoni na wauza samaki wakaacha wateja wao. Nilimwambia mume wangu twende tukanywe chai. Hakunisikia. Alisimama mdomo wazi mpaka bendi ilipofungasha vyombo, na kanga yangu mpya hakuiona mpaka leo.

Hakuwa peke yake, nimtendee haki. Mwezi ule mbao za masanduku ya chai ziliadimika Kilwa nzima. Vijana walichonga magitaa yenye pembe mbili, wakayapaka ngeu yawe mekundu, wakafunga waya za breki za baiskeli, wakajipanga njiani kila mmoja anajiita Ismaili. Msimu wa kupalilia ulipofika, homa ikawatoka. Kibwana haikumtoka.

Miaka miwili baadaye, Moza wetu akiwa anatambaa, Kibwana aliuza baiskeli na korosho za msimu mzima akaenda Dar es Salaam. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, na kitu kimefungwa ndani ya shuka. Lilikuwa gitaa, amelipata kwa mwanamuziki mmoja ambaye bendi yake ilivunjika. Jekundu, pembe mbili, mfano wa lile la Ismaili. Ukoo wote ukakusanyika uani. Baba mkwe alitandikiwa mkeka. Kibwana akaketi, akalipapasa, akapiga.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbu ndani ya kibuyu.

Akapiga tena kwa nguvu. Mbu yule yule. Baba mkwe akasafisha koo akasema, "Mwanangu, umeuziwa ubao."

Baadaye dereva mmoja wa lori ndiye aliyetueleza kwamba gitaa la namna ile halina sauti yake lenyewe. Sauti inatoka katika mashine, na mashine inakula umeme. Yale makasha meusi tuliyoyaona Masoko nyuma ya bendi, Kibwana alidhani ni ya waimbaji. Hakuuliza, na aliyemuuzia hakusema. Niliona aibu kwa ajili yake, nikaona hasira kwa ajili yangu, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Siku moja alikuwa ameliinamia kwa huzuni, kidevu kimegusa ubao, huku vidole vinachezacheza. Akashtuka. Akaniita.

"Mama Moza! Njoo. Weka taya lako hapa, kwenye pembe. Inasikika! Inapanda kwenye mifupa, inajaa kichwa kizima."

"Weka lako, Baba Moza," nikamwambia. "Langu lina kazi ya kutafuna mihogo iliyobaki baada ya korosho zako."

Alicheka. Aliniomba tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na miaka iliyofuata. Kila siku alasiri, akitoka shamba, alikaa kizingitini, taya kwenye ubao, macho yamefumba, anapiga. Ukipita njiani unamwona mtu anatikisa vidole na hakuna unachosikia. Wapita njia walimsalimia kwa ishara ya mikono, kama anavyosalimiwa bubu. Mimi nilikataa kila mara. Nilikuwa na haki ya kukataa, au nilidhani ninayo.

Mwaka sabini na nne ndipo alipokuja afisa mmoja na gari, akatukusanya chini ya kibanda cha kupimia korosho. Alitueleza habari ya kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, tuishi pamoja, tulime pamoja. Kutakuwa na shule, bomba, zahanati. Wazee walikaa kimya. Mikorosho haibebwi begani, na kutoka kilimani mpaka barabarani ni mwendo wa asubuhi nzima. Ukimya ule ulikuwa jibu, na afisa alijua hivyo.

Kibwana akanyoosha mkono. "Na umeme, bwana mkubwa?"

"Umeme unafuata watu," akasema afisa. "Mkikaa pamoja, nguzo zitakuja. Mkitawanyika kama mtama uliomwagika, nani atazungusha nguzo vilimani?"

Mchana ule ule Kibwana alipanda juu ya nyumba yetu akaanza kushusha makuti. Mimi nilikuwa jikoni. Jua liliniingilia chunguni. Watu wakaja kutazama. Kwa heshima aliyokuwa nayo, maana hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo, walimuuliza huko juu aliko, je, ni kweli? Akawajibu kwamba serikali haiwezi kusema mbele ya watu wote jambo ambalo haina. Kesho yake nyumba tatu zikashushwa. Mpaka Ijumaa zilikuwa kumi na moja, na ya mwisho ilikuwa ya Bi Mwahija, mjane, mwenye mikorosho sitini aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Najua, wangetuhamisha tu. Waliokataa kwenye vilima vya jirani walifuatwa na malori mwezi wa tisa, na vyungu vyao vikavunjikia njiani. Lakini lori huwezi kulinunia. Mtu aliyeshusha makuti ya kwanza unakutana naye kila siku kisimani.

Nguzo hazikuja mwaka ule. Afisa alipopita tena, Kibwana alimsimamisha. Yule bwana, mguu mmoja umeshaingia garini, akamwambia kijiji kitakachokuwa tayari ndicho kitakachoanza. Maneno ya mtu anayetaka kuondoka. Kibwana aliyachukua kama aya. Alikwenda kwa miguu mpaka Masoko, akahesabu hatua kutoka nguzo hadi nguzo, akarudi na kamba yenye mafundo. Akaanza kuchimba mashimo ya nguzo kuanzia barabarani. Jumamosi za kujitolea vijana walimsaidia, mashimo sita. Kisha wakabaki wawili, mashimo matatu. Mashimo kumi ya mwisho alichimba peke yake, na kila moja lilimfika kifuani. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo; sisi tuliumia matumbo na viuno pia. Masika ilipofika, vyura wakahamia humo. Wao angalau walipata makazi waliyoahidiwa.

Huko nyuma pori lilikuwa linakula mashamba. Mtu hawezi kutembea asubuhi nzima kwenda kufyeka na mchana kurudi, na katikati alime shamba la kijiji. Nyasi zikapanda mpaka kwenye matawi. Mwaka sabini na sita moto wa wawindaji ukaingia, na mikorosho sitini ya Bi Mwahija ikaungua siku moja. Alirudi kutoka kutazama, majivu mpaka magotini, akapitia kwetu. Kibwana alisimama kumpokea.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Umeme wako umefika. Umeanzia kwangu."

Akaenda zake. Kibwana hakula siku mbili. Alianza kwenda kule kilimani kila alipopata nafasi, kufyeka njia za kuzuia moto katika mashamba ya watu ambao hawakumsalimia tena. Mikorosho mingine iliungua vile vile.

Na gitaa nalo likaanza kumwacha. Nyuzi zake zilikatika moja baada ya nyingine, na miaka ile madukani ulikosa hata sabuni, sembuse uzi wa gitaa. Zikabaki tatu. Akapiga kwa tatu. Alitunga nyimbo za nyuzi tatu, hivyo alisema, nyimbo ambazo hata Ismaili hazijui. "Wakileta umeme, Mama Moza, nitawapigia hizi. Wakizisikia watanisamehe." Nikaelewa hapo kwamba hangoji taa. Anangoja siku atakayowatazama watu wa nyumba kumi na moja usoni. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa nimeshazoea kukataa, na mazoea yana taabu.

Mwaka sabini na nane kijiji kilifunguliwa duka lake, na kwa sherehe wakaletwa Mbanja Jazz na jenereta yao juu ya lori. Kibwana alikwenda kwa Ismaili tangu asubuhi. Sijui alimwambia nini. Ismaili alikuwa ameota mvi, tumbo limetangulia, lakini ni mtu muungwana. Alikubali kwamba bendi ikishapiga nyimbo mbili, mwenyeji apande na gitaa lake.

Habari zikaenea. Baada ya sala ya alasiri watu wote wa vilimani walikuwepo, hata wagonjwa. Bi Mwahija alitandika mkeka mbele kabisa. "Nimelilipia mikorosho sitini," akawaambia waliomtaka asogee. "Nakaa hapa."

Kibwana alipanda amevaa shati la Idi. Wakamchomekea waya. Akafumba macho, akapiga.

Spika ikavuma tu, mmmmm, kama nzi aliyefungiwa. Akapiga tena. Ismaili akaja, akazungusha vifundo, akabadilisha waya, mwisho akatoa bisibisi akafungua kibati cha mbele ya gitaa. Kutu ikamwagika sakafuni kama ugoro. Miaka tisa ya unyevu na chumvi.

"Limekufa zamani, kaka," Ismaili akasema kwa upole. Kisha akavua lake begani, lile jekundu la Masoko, rangi imebanduka pale kiwiko kinapopita. "Shika hili. Piga."

Nilishukuru Mungu. Nasema kweli, nilisimama nikapiga kigelegele peke yangu.

Kibwana akaligusa, na sauti ikaruka kubwa hata akarudi nyuma hatua. Hakuwahi kuisikia mikono yake mwenyewe nje ya kichwa chake. Akajaribu tena. Vidole vikaenda vilipozoea kwenda, lakini hapo palikuwa na nyuzi sita, na zile tatu alizokuwa amezisahau zililia kila alipopita, zikamzomea mbele ya watu. Alisimama, akaanza upya. Akasimama, akaanza upya. Mara ya tatu akaweka taya kwenye pembe ya gitaa kama kizingitini kwetu, mbele ya kijiji kizima, na hata hivyo nyimbo zake hazikutoka.

Laiti wangecheka. Hakuna aliyecheka. Bi Mwahija aliinuka, akakung'uta mkeka wake, akaukunja.

"Basi, mwanangu," akasema. "Nimesikia."

Ismaili akachukua gitaa lake, bendi ikaendelea, watu wakacheza. Jenereta ilikuwa inakula mafuta na sherehe haiahirishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Nilimfuata mume wangu nyumbani. Nilimkuta kizingitini, jua bado liko juu ya miembe, gitaa lake limelala magotini na kile kibati hakijarudishwa. Nikaketi karibu naye. Miaka tisa alikuwa ameniomba jambo moja lisilogharimu hata punje ya chumvi. Nikainama, nikaweka taya langu kwenye pembe ya gitaa. Ubao ulikuwa wa baridi na unanuka jasho lake.

"Piga, Baba Moza," nikamwambia. "Zile zako za nyuzi tatu. Nakusikiliza."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mmoja hapa na mmoja pale.

"Zimenitoka," akasema. "Nilipotoka pale jukwaani nilizitafuta njia nzima. Hakuna hata moja."

Nikasema piga chochote. Hakusogeza kidole. Nilibaki nimeinama vile vile mpaka shingo ikaniuma, na kilichonijia kichwani kupitia ule ubao ni meno yangu mwenyewe, yanagongana.