Katungu, mama wa kisiwa

Miye nasemaka ukweli hata kama unauma: pa Butembo hakuna mutu mwenye bahari ilitesa kupita Katungu, na bahari yenyewe hajaionaka hata siku moja.

Tuko majirani pa Vulamba, lupango yake, ni kusema kiwanja chake, inagusa yangu. Ni mujane. Bwana yake alikuwa dereva wa camion, akafia njia ya Manguredjipa, akamwachia batoto na nyumba ya majani. Kila asubuhi Katungu anapeleka kikapo ya sombe, majani ya muhogo, pa soko. Alijinyima nguo, alijinyima hata mafuta ya kujipakaa, na pole pole akanunua manjanja, mabati ya kufunika nyumba, anayaficha chini ya kitanda. Siku yenye yalitosha, upepo wa mvua ukakamata majani yote ya juu, ukaacha nyumba kichwa wazi. Katungu akacheka kabisa. Alisema upepo umemusaidia kazi, na akaenda kuita fundi.

Fundi alichelewa. Serikali ikafika kwanza.

Ilikuwa wakati wa uasi. Kinshasa ilikuwa mbali na sisi tulikuwa na serikali yetu ya bunduki, batu banaiita Mouvement tu, kiti yake pa Beni. Haikuwa na barabara, haikulipa balimu, lakini ilikuwa na commissaire, ni kusema waziri, wa mambo ya inje. Jina yake Phinées, mutu wa suti na mafuta ya nywele. Alikosa kazi, maskini, sababu huko inje hakuna mutu aliyemutambua. Basi akasikia kwa radio kwamba cyclone, ile upepo mubaya wa bahari, imevunja nyumba za inchi moja ya kisiwa. Alifurahi sana. Serikali za kweli zinasaidiaka inchi zingine, basi sisi tukisaidia, tutakuwa serikali ya kweli. Njo akili yake, miye sikuongeza kitu.

Basoda, askari wa Mouvement, bakapita nyumba kwa nyumba kukusanya maharagi, mablanketi na manjanja. Kwa Katungu baliinama chini ya kitanda, bakaona. Katungu akabaambia baangalie juu. Baliangalia, baliona mawingu, na mukubwa wao akasema kule kisiwani hata kuta zilienda. Bakabeba yote. Katungu alifuata Phinées mupaka kwa bureau, akapiga magoti. Phinées alimwinua kwa heshima yote, akamufundisha kwamba mvua ya Butembo ni mvua ya kawaida, haina jina, lakini cyclone iko na jina, na radio ya bazungu inaitaja. Mama wa batu akarudi kulala na batoto chini ya meza. Miye nilikuwa na hasira, hata chakula kilinishinda.

Siku ya kutuma musaada, tuliitwa bote kwa uwanja wa ndege wa Rughenda. Vitu vilipangwa kwa majani, manjanja ya Katungu mbele kabisa sababu yalikuwa yanangaa. Kulikuwa muzungu mumoja wa radio. Phinées alisema maneno marefu. Alisema mutu mwenye atagusa hata musumari kwa faida yake mwenyewe, huyo ni adui wa kisiwa. Tulipiga makofi, sababu basoda balikuwa nyuma yetu. Tulikuwa tunajua vizuri kwamba nyumba yake mupya pa Beni ingali bila manjanja.

Ndege haikukuja. Jua lilipanda, chorale iliimba nyimbo zake zote, ikarudilia ya kwanza. Phinées, jasho kwa shingo, akaomba Pasteur Zorobabel aombee vitu. Pasteur akaombea, akasema amina.

Sasa mutuelewe, sisi Baprotestanti ya huku. Ibada ikiisha, pasteur akishaombea kuku na ndizi zenye batu baliletea Mungu, kinachofuata ni kimoja tu: muzamu, mutumishi wa kanisa, anasimama na kuuzisha, mwenye kupandisha bei anabeba. Tulifanya vile tangu utoto. Basi amina ilipoisha, Muzee Muyisa, muzamu wetu, akasimama bila mutu kumutuma, akainua blanketi, akauliza nani anaanza. Na batu bakaanza. Naapa, hakuna mwenye aliona ajabu. Basoda benyewe balinunua maharagi.

Phinées alitaka kusimamisha, lakini muzungu alikuwa anaandika, anauliza hii ni nini. Phinées akajibu kwamba ni namna yetu ya kukusanya franga ya kisiwa. Alicheka na meno tu.

Muyisa akafika kwa manjanja. Katungu akasimama. Alikuwa na kikapo yake ya sombe, yenye hakupata wakati wa kuuzisha.

"Miye niko na sombe tu," alisema.

Muyisa akainua kikapo, akauliza nani anapandisha bei kupita sombe. Balikuwa benye duka pale, Jumaine wa camion alikuwa pale, na bote baliangalia viatu vyao. Phinées alifungua kinywa. Akakumbuka musumari na adui wa kisiwa, akafunga. Muyisa akapiga mukono, akasema imeuzwa. Jumaine akapakia manjanja kwa camion yake bila kuomba kitu, na mangaribi fundi alikuwa juu ya nyumba.

Radio ya Beni ikatangaza kwamba kisiwa kimepokea musaada. Muzungu akasikia, akauliza picha ya benye balipokea. Njo vile Phinées alirudi Vulamba na basoda na mupiga picha, ili kutoa manjanja na kuyapanga tena kwa uwanja, ionekane kama ni kisiwani. Soda mumoja alishapanda juu, musumari wa kwanza ulishalia. Katungu alitoka polepole, anapanguza mikono kwa kitenge. Miye nilikuwa nachungulia kwa lupango yangu.

"Commissaire," alisema, "ukitoa, utamuonyesha muzungu nini? Batu wa kisiwa unabatoa wapi? Miye hapa, na batoto yangu hawa. Tupige picha."

Phinées alifikiri mupaka jasho likakauka. Akaita soda ashuke. Kwa picha ilikosa bahari, bakamwaga madumu ya maji yangu mbele ya mulango, na hakuna aliyenirudishia.

Picha ilitundikwa kwa bureau pa Beni: mama wa kisiwa na batoto yake, banashukuru. Mouvement ilipasuka vipande, kila kipande na commissaire wake, na picha ikabaki pale. Muzuri sana, sababu mwaka uliofuata basoda bapya balipita Vulamba kukusanya tena, sijue sasa ni kwa ajili ya inchi gani. Bakaangalia juu, manjanja ya Katungu yanangaa. Katungu hakusimama hata kwa kiti.

"Muulize kwanza pa Beni," alisema, anaendelea kuchambua sombe. "Sisi batu wa kisiwa tunapokeaka, hatutoake."

Soda mumoja alimwangalia muda murefu, maana sura aliijua. Akamupigia salute. Halafu bakaingia kwangu.