Bunduki ya Upepo Juu ya Mafiga

Wewe mwenye bunduki ya upepo inayokosa shabaha, vuta kigoda nikueleze. Ni kazi ya asubuhi moja, na utaiweza.

Ya baba yangu ilitundikwa jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Shamba lake liko nje kidogo ya Songea, upande wa Peramiho, na kwetu mbegu hukaa kwenye moshi ili isibunguliwe. Baba aliona kwamba moshi unaolinda mbegu utakilinda na chuma. Msimu uliopita mahindi yalipochipua, kunguru wakawa wanayang'oa, naye kutwa anapiga na kukosa.

Jumamosi kaka yangu alikuja kutoka mjini, akaketi barazani akimtazama.

"Baba, hao hawakuogopi. Wanakuja kukupa shikamoo."

"Angalau wao wanaamkia," baba akajibu bila kugeuka.

Kaka alikuwa ameshaamua. Alisema macho ya mzee yamekwisha, shamba likodishwe, na baba ahamie kwake. Baba aliiegemeza bunduki ukutani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli macho yanaweza kwisha bila mwenyewe kujua. Hapo nikalikataa shauri la kaka. Nilimwomba kaka asubiri mpaka kesho baada ya misa.

Mimi ni fundi cherehani, na mashine ikiruka nyuzi huwa naisafisha kabla ya kumlaumu anayeshona. Nilihakikisha bunduki haina risasi, nikaukunja mtutu kwenye bawaba yake, kama unavyofanya ukitaka kupakia, na kuushika imara usije ukajirudi na kunibana vidole. Nilipouelekeza dirishani na kuchungulia kutoka nyuma, ndani kulikuwa kweusi kama kitako cha sufuria.

Nilifunga kipande cha kitambaa cha pamba kwenye uzi wa ndoano, nikakivuta kutoka nyuma kwenda mbele. Cha kwanza nilikitia tone la mafuta ya cherehani. Tone tu, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye chumba cha hewa yanaweza kuwaka unapofyatua. Vilivyofuata vilikuwa vikavu. Yakatoka masizi, kisha uchafu wa kijivu ulioachwa na risasi. Niliendelea mpaka kitambaa kikatoka kilivyoingia.

Risasi zenyewe baba alizibeba mfuko mmoja na funguo. Zina kiuno, na nyuma zina sketi nyembamba. Sketi ikipinda, upepo huvujia upande mmoja na risasi inakwenda kombo. Nilizitenga zilizopinda, nikazisuuza zile nzima kwa maji ya sabuni, nikazianika juu ya kitambaa. Kisha nikanawa mikono vizuri, maana madini yake ni sumu.

Jumapili tulitundika kifuniko cha kopo mbele ya kichuguu. Kaka alisimama nyuma yetu na nguo zake za kanisani. Baba akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Kaka akaguna na kuanza kupapasa funguo za gari. Nikamsihi baba aendelee, kwa kuwa mtutu uliotoka kusafishwa huhitaji risasi kadhaa ili utulie.

Kifuniko kikalia. Baba akapakia nyingine, kikalia tena, na tena.

"Basi, baba," kaka akasema. "Nitakuletea mbolea wiki ijayo."

Nawe ukimaliza kusafisha, piga kwanza risasi kadhaa kwenye kifuniko chenye kichuguu nyuma yake, kisha ndipo uamue kama kasoro ni ya bunduki au ya macho.