Ncha Mbele au Nyuma

Mwaka ule waasi waliushika mji wa Uvira kwa mara ya pili, au ya tatu, inategemea unamwita nani mwasi. Kilichoninyima usingizi hakikuwa bunduki. Bunduki nilizizoea. Lilikuwa swali moja: ncha ikae mbele au nyuma?

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo Bukavu, nikapewa darasa la mekanika huku mtaani Nyamianda. Siku moja prefe, mkuu wa shule yetu, aliniita akasema kamanda wa walioushika mji anaitaka atelye yetu, yaani karakana ya wanafunzi, iwe ghala la askari.

"Nimemwambia tunaunda gari ya kula esansi kidogo," alisema. "Sasa muiunde. Ifike Kiringye na kurudi na litre moja, yeye akiona. Ikishindwa, minye sina tena la kumwambia."

Fremu tuliichomelea kwa mabomba, tukaweka magurudumu ya baiskeli na injini ya pikipiki ambayo mwenyewe alikimbilia ng'ambo ya ziwa. Ilibaki bodi, yaani ganda la kupunguza nguvu ya upepo. Kwenye daftari langu la masomo kulikuwa na mchoro wake: umbo la tone la maji, upande mmoja mviringo, mwingine umechongoka. Mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi haukuwepo. Siku ya somo lile nilichelewa, nikanakili haraka kwa mwenzangu. Doa lake la mafuta nililinakili. Mshale sikuunakili.

Ganda tulimpa mzee mmoja anayeunda mitumbwi ufukweni. Alilitengeneza kwa mbao nyembamba za triplex, ncha mbele, nyuma mviringo kama tumbo la chungu. Nilimuuliza, kwa adabu zote, kama ncha isingefaa kukaa nyuma.

"Weye mwalimu, ulishaona mutumbwi yenye kutanguliza matako?"

"Hapana, papa."

"Basi."

Nilikubali. Kisha nikakaa siku nne nikifikiri kwa nini nimekubali.

Siku ya tano tulibandika vipande vya uzi juu ya ganda lote, tukaisukuma gari kwenye mteremko. Upepo ukiteleza vizuri, nyuzi hulala. Zetu za nyuma zilirukaruka kila moja upande wake, kama watu wa sokoni waliosikia risasi. Nilishuku uzi. Nikanunua mwingine. Nao ukarukaruka. Nilishuku gundi, mteremko, na kwa muda kidogo, wanafunzi.

Mara ya tatu waliokuwa wakiipandisha mlimani waliteleza, gari ikawaponyoka na kushuka yenyewe kinyumenyume. Nyuzi zote zikalala, kama samaki wa mikeke waliopangwa kwenye beseni. Iliishia kwenye shamba la mihogo.

"Mwalimu, hii gari inapenda kurudi!" wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka. Sasa nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa baya kuliko swali, maana lilitaka nimwambie mzee, ambaye mitumbwi yake imevusha nusu ya mji huu, kwamba kichwa cha kazi yake ni mkia. Niliandaa maneno ya kumwambia. Niliyaandaa mara sita. Katika yote sita alikuwa ananijibu vizuri kuliko mimi.

Asubuhi ya safari kamanda alikuwa amekwisha kuketi kwenye kiti cha prefe, nje ya atelye. Mzee naye alikuja, amevaa koti la Jumapili, kutazama mutumbwi wake ukitembea barabarani. Nikaenda kwake kwanza.

"Papa, naomba kuugeuza."

"Mbele ya hawa watu?"

"Mbele ya hawa watu, papa."

Aliitazama gari, akanitazama mimi. "Ikifika, useme ni minye niliiunda. Ikikwama, useme ni weye uliigeuza."

"Ndiyo, papa."

Nikachukua spana, nikalegeza bolti nne. Wanafunzi waliinua ganda, wakaligeuza, wakalishusha. Nikakaza bolti, nikamimina litre moja ya petroli mbele ya kamanda, nikaingia. Kisha nikaondoka kuelekea Kiringye, matako mbele.