Chakula Mara Ngapi?

Khamisa, au Mama Tahir kama wengi walivyomwita, mpishi wa kantini ya kiwanda kimoja cha nguo mjini Ruiru, alikuwa ameshaanguka somo la takwimu. Mwaka uliopita aliwauliza walaji wa mtaa wa Kamakis, wakiwa wamezungukwa na moshi wa nyama choma, kama wanapenda nyama. Kisha akatangaza kwamba Ruiru nzima haitaki mboga. Chuo cha jioni kule Thika kilimpa nafasi ya pili, ya mwisho. Akianguka tena, cheti cha usimamizi wa kantini atakisikia tu kwa wengine.

Safari hii hakutaka mchezo. Aliandika majina ya wafanyakazi wote kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya sufuria, akakoroga kama anayepika uji, kisha akachota huku amefumba macho. Kila ambaye jina lake lilitoka, Khamisa alimuuliza, “Jana ulikula chakula mara ngapi?”

Lakini grafu ilitoka na nguzo mbili ndefu, moja kwenye tatu, nyingine kwenye moja. Katikati palikuwa patupu.

“Mama Tahir,” alisema mwalimu wake, Madam Wavinya, “wastani wako ni mara mbili, na hapa hakuna hata mmoja aliyesema mara mbili. Huyu mtu wako wa wastani anaishi wapi? Mtaani Kiganjo?”

Darasa lilicheka.

“Na hawa wa mara moja, wana njaa ama umewabuni? Nataka jibu Ijumaa. Bila jibu, sikupitishi.”

Khamisa alirudi nyumbani moyo ukimwuma. Wabunike vipi, na yeye ndiye huwapakulia kila mchana?

Kesho yake alipika wali na maharagwe. Dismas, fundi wa mashine aliyetoka Bungoma, mmoja wa wale wa mara moja, alikuwa kwenye sahani ya pili.

“Dismas, jana ulikula nini?”

“Asubuhi chai na viazi vitamu. Mchana wali wako, kama huu. Jioni ugali na sukuma.”

“Hizo si mara tatu? Mbona uliniambia moja?”

Dismas alimtazama kwa huruma. “Ai, Mama Tahir! Uliniuliza chakula. Chakula ni ugali.”

“Na wali wangu?”

“Wali wako ni mtamu sana. Unamsaidia mtu kungojea chakula.”

Khamisa hakujua acheke ama amnyang’anye sahani. Alicheka. Kisha akawarudia wote aliowachota. Sasa kila mtu alitaja alichokitia mdomoni jana yake, asubuhi hadi usiku, na hesabu akaifanya mwenyewe. Nguzo ya moja ikayeyuka. Wengi wakasimama kwenye tatu.

Ijumaa hakuificha grafu ya kwanza. Aliibandika ubaoni kando ya ile mpya, akasema, “Sampuli ilikuwa nzuri, Madam. Swali ndilo lililokuwa bovu. Mimi na Dismas tulitumia neno moja kwa vitu viwili.”

Madam Wavinya alizitazama grafu zote mbili, mabega yakianza kutikisika kwa kicheko.

“Mimi leo nimekula muthokoi tu, yale mahindi yetu ya kukoboa. Kwa huyo Dismas, nimekula mara ngapi?”

“Sifuri, Madam.”

“Haya, futa hiyo sifuri haraka,” alisema akichukua kalamu nyekundu, “kabla sijakuandikia yako.”

Akaandika: Amepita.

Jumatatu, kantini ilipika ugali.