Kofia ya Mjukuu wa Bi Tan

Kwa miaka kumi na saba Tan Guilan alilipwa kununua vitu asivyovitaka. Kampuni ya mawakili aliyoifanyia kazi ilikuwa ya kigeni, yenye ghorofa tatu katikati ya Guangzhou, na wateja wake walikuwa Wazungu wenye nembo za mikoba na viatu. Mawakili walivaa suti wakaenda mahakamani. Guilan alivaa sweta lililochakaa akaenda sokoni, kwa sababu hakuna muuza mikoba bandia anayemwogopa mama wa miaka hamsini na sita mwenye magoti mabovu. Na magoti hayo hayakuwa ya kuigiza.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Ununuzi usioshuhudiwa na mthibitishaji wa serikali ni kazi bure mahakamani, kwa hiyo Bwana Kuang, ambaye ndiye aliyekuwa mthibitishaji, alimfuata nyuma akijifanya shemeji yake mwenye haraka. Chochote atakachotoa muuzaji, iwe mkoba, risiti au kadi, kinapigwa picha, kinatiwa kwenye mfuko, na mfuko unafungwa kwa karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo haikatwi ila mbele ya hakimu.

Ou Xiuzhen alikuwa na kibanda ghorofa ya pili ya soko la mikoba. Guilan alimwendea mara nane kabla ya ununuzi wenyewe, na kila mara Xiuzhen alimmenyea chungwa, wakipiga soga, maana mikoba ile haiwekwi mezani. Lazima muuzaji akuamini kwanza. Ili aaminiwe, alijitungia mjukuu, Doudou, anayeishi kaskazini, Shenyang, kwenye baridi kali. Ukweli ni kwamba binti yake wa pekee alikuwa na miaka thelathini na tano, hana mume, na akiulizwa habari za watoto hukata simu. Lakini uongo ukiulisha hunenepa. Mara ya tatu Doudou aliota jino. Mara ya sita alikuwa anakohoa. Siku moja, ndani ya treni ya kurudi nyumbani, Guilan alijikuta anawaza kikohozi cha mtoto asiyekuwepo, akajionea aibu.

Siku ya ununuzi, mwezi wa kumi na moja, Xiuzhen alileta mikoba kumi na miwili kutoka stoo. Kisha akachomoa chini ya meza kofia nyekundu ya sufu, yenye masikio ya sungura.

"Hii ya Doudou. Na usinitolee hela, nitakasirika."

"Dada, umejisumbua bure."

"Sasa nikae hapa kutwa mikono inafanya nini? Mvishe, kikohozi kitaisha. Na huyu shemeji yako mwambie akubebee mzigo, amesimama tu kama nguzo!"

Walipofika kwenye gari, Bwana Kuang alifungua daftari lake. Guilan alikuwa bado ameishika kofia.

"Hii si bidhaa, Bwana Kuang. Niachie."

"Imetoka mkononi mwake wakati wa ununuzi. Nimeiona."

"Ungeweza usiione."

"Bi Tan, mimi nalipwa kuona. Nikiacha kofia leo, wakili wake atauliza nimeacha nini kingine. Kesi nzima itakwenda na maji."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomchosha Guilan kuliko yote. Kofia ikaingia kwenye mfuko pamoja na mikoba.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tano, baridi imeshapita. Guilan alikuwa na ombi moja tu: asiwepo mfuko ukifunguliwa, Xiuzhen asimwone.

"Haiwezekani, mama," alisema Wakili Shu, kijana aliyeishika kesi hiyo. "Amekana kuuza. Hakimu anataka kumsikia mnunuzi. Ni dakika ishirini tu, unasema, unaondoka."

"Wewe hukula machungwa yake," alijibu Guilan.

Karatasi ya muhuri ilikatwa. Mkoba wa kwanza ukawekwa mezani, wa pili, mpaka wa kumi na mbili, na kila mmoja Xiuzhen alitikisa kichwa: si wangu, simjui mama huyu. Kisha hakimu akainua kofia.

"Na hii?"

Wakili wa Xiuzhen alimnong'oneza akane. Yeye hakumsikiliza. Alikuwa anayatazama yale masikio, yaliyobonyea kwa kulaliwa na mikoba.

"Hiyo nimeifuma mimi," alisema, na kwa kuwa kofia na mikoba vilitoka mfuko mmoja, kesi yake ikaishia hapo. Akamgeukia Guilan. "Hukumpa? Baridi yote ile mtoto alivaa nini?"

Asubuhi hiyo Guilan alikuwa ametia saini karatasi ya kusema kweli tupu.

"Hakuna mtoto, dada."

Xiuzhen alimgeukia karani. "Basi nirudishieni kofia yangu."

Karani alimwambia haiwezekani, ni ushahidi. Akairudisha kwenye mfuko pamoja na mikoba, akabandika karatasi mpya, kisha akamsogezea Guilan kalamu ashuhudie kuwa mfuko umefungwa. Guilan akatia saini.