Chumvi Aliyoikausha Mama

Mama yangu alikulia kwenye mashamba ya chumvi nje kidogo ya Bagamoyo. Hakuweza kuona chumvi yenye majimaji akaiacha hivyo. Hata kopo la jikoni alikuwa akiliweka juani likishika unyevu, kwani kwao chumvi iliyolowa ni chumvi iliyoharibika.

Wataalamu wa mradi wa kupasha joto mabanda ya kuku hawakumuuliza hayo. Walitoka Dar na vidumu vyeusi vilivyofungwa, ndani mna chumvi isiyoliwa. Mchana vikae juani, chumvi iyeyuke. Jioni viingie kwenye banda la vifaranga, na chumvi ikiganda itatoa joto ililomeza. Kweli, ilifanya kazi. Mama, mjane anayeishi kwa kufuga kuku, aliachana na mkaa akaongeza vifaranga.

Masika yalipokaribia alifungua kidumu kimoja, akakuta maji juu na machicha meupe chini. Akamwaga vidumu vyote kwenye turubai, akaigeuzageuza chumvi kwa reki kama walivyofanya kwao, mpaka ikawa unga mkavu. Akairudisha, akafunga, ameridhika kabisa.

Mvua zikaanza na baridi yake. Asubuhi moja tulikuta vidumu vya baridi, na vifaranga wamerundikana pembeni mwa banda, wamekufa.

Mtaalamu mmoja alipokuja alimwamkia Mama vizuri, akatikisa kidumu.

"Mama, nani ameikausha hii?"

"Mimi, mwanangu. Ilikuwa imelowa."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyepata la kuwasimulia wenzake. Akaeleza kwamba chumvi ile hukaa na maji yake mwilini. Ikiyakosa haiyeyuki, na isipoyeyuka haiweki joto. Nikamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo. Akajibu kwamba vidumu vilifungwa, hakudhani kuna mtu angevifungua. Aliwaletea watu wa chumvi chumvi yake, na hakudhani. Nilimchukia, na bado namchukia.

Akapima maji, akamimina, na siku chache baadaye vidumu vikarudia kazi yake. Banda lilikuwa tupu.

Kicheko ningeweza kukisahau. Kinachonichoma ni kwamba Mama alimwomba radhi, mikono kifuani, mbele ya banda lake mwenyewe. Na tangu siku ile, kopo la jikoni likishika unyevu, hulishika mkononi akanitazama.

"Hii nayo," huniuliza, "niianike?"